Mkono Wangu na Tumbo la Sauda

Jumanne, 1 Oktoba

...na yule nesi wa zahanati bado kashikilia neno lake kwamba hakuna mimba. Andika hivyo hivyo, Mama Francis, usinipambie. Mkojo kaupima mara mbili, hakuna. Shuleni nao walipima mwezi wa saba, hakuna. Sasa kile kijiti chao na mkono huu wangu, kipi kimepokea watoto wengi hapa Kiranjeranje? Francis wako mwenyewe alipokelewa na nani? Haya.

Daftari kalitaka huyo nesi. Kasema, "Bibi, andikeni siku anazoumwa, upande gani, anatapika au hatapiki. Halafu mpelekeni Lindi akapigwe ultrasaundi. Msikae." Nikamwambia mimi shule naiona nikipita njiani. Akasema tafuta wa kukuandikia. Basi nimekuja kwako, jirani yangu, hapa barazani kwenye vitumbua vyako. Nitasema, utaandika. Na siku mtoto atakapolia nitampelekea daftari lake alisome mbele za watu, aone haya.

Leo mjukuu wangu Sauda ameumwa. Upande wa kulia, tangu adhuhuri mpaka jua limeinama. Hakutapika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Hakuumwa. Tumeokota korosho shamba la chini. Mabibo mwaka huu matamu mpaka nyuki hawatuachi.

Jumapili, 6 Oktoba

Ameumwa kidogo, asubuhi, upande wa kulia.

Umeniuliza, Mama Francis, kwa nini Sauda haniiti Bibi siku hizi. Unajua, ila unataka niseme. Nitasema.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku tunawatoa wali ndani, wasichana tuliokwisha kuwafunda. Mimi ndiye kungwi, Somo wao, wanawake wote wa mtaa wako uwanjani, ngoma imepamba moto. Sauda kaja na ndoo ya maji kichwani, anatua, khanga ikamlegea. Nikaona tumbo. Nikamvuta, nikamwekea mkono mbele ya wote. Unajua mkono wangu, hauombi ruhusa. Nikasema, "Huyu ana miezi mitatu." Ngoma ikanyamaza. Mtoto akasema, "Bibi, mimi sijalala na mtu." Nikasema, "Na hili nalo kalileta upepo?" Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka.

Wakauliza ni nani. Yeye analia tu. Mimi nilikuwa nimemwona mara moja, mara moja tu, kapandishwa pikipiki na Nurdin, yule kijana wa bodaboda, siku ya mvua, anatoka shule. Nikamtaja Nurdin.

Mwanangu Iddi, baba yake Sauda, alimpiga kwa mkanda mpaka nikamshika mkono. Mama yake angekuwa hai labda angemlalia juu. Nurdin alikuwa na miaka kumi na tisa. Kusikia kumpa mwanafunzi mimba ni miaka thelathini jela, asubuhi hakuonekana. Pikipiki ya watu kaiacha imeegemezwa kwenye ukuta wa mama yake, ufunguo juu ya kiti.

Tangu hapo Sauda akitaka kunisemesha anapitia kwako. "Mama Francis, mwambie mwenzako ugali tayari." Mimi mwenzako! Nimemlea tangu ana meno mawili.

Kuna siku kaniletea kitambaa cha hedhi, kakitandaza mbele yangu. Nikamwambia damu kidogo hutoka hata kwenye mimba, nimeona wengi. Akakikunja, akaenda zake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ameumwa. Katapika mara tatu. Upande wa kulia.

Nimemwambia Iddi habari ya Lindi. Kasema, "Mama, korosho ziko chini, mawingu yale pale. Zikilowa zinakuwa nyeusi. Tumalize kuokota kwanza." Tena kasema ampeleke kupimwa nini, na mtu ana mimba? Hilo neno la mwisho si lake, ni langu. Nililitoa mwenyewe, sasa linanirudia kutoka kinywani mwa mwanangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hakuumwa. Mawingu upande wa Njinjo.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama yake Nurdin kapita. Hakuingia, kasimama kwenye michongoma. Shikamoo katoa, marahaba nikaitika. Akasema, "Somo, mwezi wa sita sasa kwa hesabu yako. Mtoto anacheza?" Nikasema anacheza. Akasema, "Umemsikia?" Nikasema nimemsikia.

Sikumsikia, Mama Francis. Andika hilo. Nimeweka mkono usiku na mchana, hakuna kitu kinachopiga. Liko gumu, limejikalia upande mmoja kama mgeni aliyenuna. Nikajiambia kalala vibaya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ameumwa, anatembea kajikunja. Mtoto kalala kwa upande, ndiyo maana. Kesho nitamkanda, nimgeuze. Mafuta ya nazi nimeshapika.

Unasema, "Mama, mwache, tumpeleke Lindi kwanza." Wewe kwenu Newala mna yenu na sisi tuna yetu. Wewe andika.

Jumanne, 22 Oktoba. Lindi, kwenye benchi la hospitali

Nimekaa siku mbili sisemi. Leo nitasema, na wewe usininyanyue kichwa ukanitazama. Tazama daftari.

Jumapili saa tatu asubuhi nilimlaza mkekani. Alikataa. Akakuambia wewe, uliyekuwa mlangoni, "Mwambie mwenzako asiniguse." Iddi akamfokea kutoka uani, ndipo akalala. Katazama dari mpaka mwisho.

Nikapaka mafuta. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa viganja, polepole, kutoka chini. Nimefanya hivyo miaka arobaini. Mtoto ukimsukuma anakusukuma, hata awe mdogo, kuna ubishi. Hili halikubisha. Lilikuwa linateleza. Nikalibana kwa mkono huu, nikalisukuma kwa huu, nikaona linazunguka ndani, kitu kizima, kama limau ndani ya soksi. Ile ndiyo nafasi ya kuacha. Mkono ulijua. Mimi nikaongeza nguvu.

Ile sauti uliisikia. Mimi nimesikia wanawake wakizaa, wengine wamekufa mikononi mwangu, Mungu awarehemu. Sijasikia ile. Akatapika maji ya njano, akaloa jasho, midomo ikawa myeupe kama kapakwa unga. Akawa anasema, "Mama, mama," na mama yake yuko kaburini mwaka wa kumi na tano huu.

Fuso la korosho lilikuwa linapakia barabarani. Iddi kaenda, karibu ambebe dereva kwa shati lake. Tukamlaza juu ya magunia, kichwa mapajani kwako, miguu mapajani kwangu. Kila tuta la barabara analia. Baada ya Mchinga hakulia tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

Saa nane tumefika. Daktari kijana, jina lake Fidelis, katupokea kwa adabu, "Shikamoo bibi." Kampaka Sauda kitu kama ute, kapitisha mashine juu ya tumbo. Nikasimama nyuma yake. Nikamwambia, "Mtoto kalala kwa upande." Hakugeuka. Kapitisha, kapitisha. Akasema, "Bibi, hapa hakuna mtoto. Hajawahi kuwapo."

Iddi akasema, "Hakuna nini?"

"Kuna uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Mwanamke ana vifuko viwili, kulia na kushoto. Wa kulia ni mkubwa, umejipinda kwenye shina lake, damu haipiti. Na kushoto naona mwingine mdogo. Tunampasua sasa hivi."

Wakaleta karatasi. Iddi kaandika jina lake likatoka nje ya mstari. Nesi akasema na bibi aliyemlea atie. Akanisomea: tutajaribu kutoa uvimbe peke yake tukibakize kifuko, ikishindikana kifuko kitatolewa, ikibidi na cha pili. Nikauliza, "Cha pili kikitoka?" Akasema, "Hatazaa, bibi." Akanishika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Wino wa zambarau. Kidole kile kile nilichombania.

Saa kumi wamemwingiza. Magharibi ilipoadhiniwa katoka nesi na beseni limefunikwa, akasema ndugu waje waone, ndiyo desturi. Tukaenda mimi na Iddi. Wewe ulikataa, umefanya vizuri.

Kafunua. Kitu kama papai, jeusi, limevimba damu. Wamelichana. Ndani mafuta mazito kama samli iliyoganda, na nywele. Nywele, Mama Francis! Ndefu, nyeusi, zimejisokota kama za msichana aliyefumuliwa. Na jino moja.

Iddi akarudi nyuma. "Si mtoto huyu? Mama, si mtoto kaoza? Au mtu kamtupia?"

Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Kufumba na kufumbua tu. Nilisema ndani yangu: sikukosea.

Daktari katoka anavua kofia. Akasema, "Mzee, sikiliza. Si mtoto, wala si kazi ya mtu. Kwenye kifuko kuna mbegu za mwili, nyingine huota ovyo, zikatoa nywele, jino, mafuta. Wasichana wengi wanapata. Si saratani kwa ninavyoona, tutapeleka kipande kikapimwe. Na halihusiani na mwanaume yeyote. Hata ambaye hajaguswa hulipata." Akaitia kofia mfukoni. "Na huyu hajaguswa."

Iddi alikaa chini. Si kwenye benchi. Sakafuni.

Daktari akasema, "Cha kulia tumekitoa chote, kilishakufa. Kushoto tumeumenya ule uvimbe mdogo, kifuko kimebaki." Nikamuuliza kwa vipi. Akaitazama khanga yangu iliyojaa vumbi la korosho, akasema, "Bibi, kama unavyobangua korosho. Ukiwa na haraka unavunja na ya ndani. Ukitulia, ganda linatoka, korosho inabaki nzima. Mngekuja mwezi wa saba, na kile kikubwa tungekitendea hivyo hivyo."

Halafu akauliza, "Kuna mtu alimkanda tumbo?"

Iddi yuko sakafuni, hakusikia. Wewe ulikuwa kwenye benchi la mbali. Mimi mikono nilikuwa nimeiweka ndani ya khanga. Nikasema sijui.

Akasema linaweza kujipinda lenyewe, hata mtu akichanja kuni. Ila kukandwa si kwema. Akaenda zake. Kanipa mlango wa kutokea, daktari wa watu. Sikupita. Nimekaa pale pale mlangoni mpaka leo.

Umeandika sijui? Sasa andika: ni mimi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Iddi kapiga simu nyumbani, korosho zote zilizokuwa uani zimelowa. Kasema, "Zilowe." Kisha kazima simu.

Jumapili, 27 Oktoba

Tunalala Rasbura kwa mdogo wangu, asubuhi tunakuja na uji. Leo Sauda kakaa. Daktari alipopita kamuuliza yeye mwenyewe, sauti kama ya mtu mzima, "Daktari, nitazaa?" Akajibiwa, "Kifuko kimoja kinatosha, wengi wamezaa nacho. Ila kila mwaka uje tukiangalie, uvimbe huu hupenda kurudi." Akasema asante.

Halafu akasema, "Na huyu aliyenikanda, kosa lake ni nini kwa sheria?"

Daktari akamtazama, akanitazama. Iddi kikombe kikamponyoka.

Nikasema, "Ni mimi, daktari. Siku ile nilikudanganya."

Hakuna aliyenifokea. Ningependa wangenifokea. Iddi akaokota kikombe, akaenda kukiosha, hakurudi mpaka saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Sauda kageukia ukutani.

Jumanne, 5 Novemba

Tumerudi Kiranjeranje. Mshono uko chini ya kitovu, urefu wa kidole. Sauda kasema asiguswe na yeyote ila Mama Francis. Sawa. Mimi nachemsha maji, naweka ndoo mlangoni, naondoka. Wewe unaingia.

Jumatano, 6 Novemba

Maji nimeweka mlangoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Maji nimeweka mlangoni. Korosho zilizolowa zimekuwa nyeusi, Iddi anazichagua moja moja hazungumzi na mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Majibu ya kipande yamekuja kwa simu. Si saratani. Sauda kasikia, kasema, "Alhamdulillahi," kaendelea kufuma kitambaa chake. Maji nimeweka mlangoni.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo baada ya swala nimewaita wanawake uwanja ule ule. Walikuja wote, maana kuitwa na Somo si kitu cha kukataa. Nimevaa khanga ile ile ya siku ile, wajue ni neno moja. Nikasema, "Mwezi wa saba nilimwekea Sauda mkono hapa mkanisikia. Nilikosea. Hakuwa na mimba, alikuwa na uvimbe. Hajalala na mtu. Nurdin hana kosa. Nilimtaja kwa sababu ya pikipiki, siku ya mvua. Kosa ni langu peke yangu."

Nikangoja wanitemee mate. Nilikuwa tayari.

Mmoja akasema, "Somo, wewe hujakosea maisha yako yote."

Nikasema, "Nimekosea."

Mwingine huyo, nyuma, "Lilikuwa na nywele, tumesikia. Na meno. Uvimbe gani una nywele?"

"Daktari kaeleza..."

"Madaktari! Si ndio wanaozitoa hizo mimba? Mwacheni Somo, damu ni yake, anamsitiri mjukuu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo."

Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Wakanishika mikono mmoja mmoja, "Pole Somo, mtihani huu." Mama Francis, walinipa pole! Nikapiga kelele, nikasema mkono huu ni mjinga, kiaminini kijiti cha nesi. Wakacheka wakidhani ni mzaha. Mmoja akaniuliza pale pale, mke wa kijana wake nitamwona lini, tumbo linamkaza.

Miaka arobaini nimewafundisha waniamini. Kulisema lile neno ilikuwa pumzi moja. Kulirudisha sina nguvu.

Mama yake Nurdin ndiye peke yake hakunipa mkono. Yeye aliniamini. Alibaki uwanja ulipokuwa mtupu, akasema, "Basi mrudishe." Katoa simu kwenye kifundo cha khanga, akapiga, akaniwekea sikioni. Mwanamke wa kwenye simu anasema namba haipatikani. "Hivyo hivyo tangu mwezi wa nane," akasema. "Kila siku nampigia, ananijibu huyo. Sasa nawe msikie." Tukasimama pale namsikiliza mpaka akachoka kunishikia.

Jumatatu, 18 Novemba

Sauda kasema shule hatarudi Januari. Wasichana wenziwe walikuja kumwona, wakamuuliza lile jino wamelizika wapi. Mwalimu mkuu kamtumia salamu kwamba nafasi yake ipo. Maji nimeweka mlangoni.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua. Maji mlangoni.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimelipeleka daftari zahanati. Nilisema nitalipeleka, nimelipeleka. Nesi kafunga dirisha la dawa, kakaa, kasoma lote, na mimi nimesimama mbele yake. Alipofika ile siku ya mafuta ya nazi akalifunga kwa kidole ndani, akatazama nje. Akalifungua tena akamaliza.

Nikamwambia asome kwa sauti, watu kwenye foleni wasikie. Akakataa. Nikasema nilikusudia uone haya wewe. Akasema, "Najua bibi, umeandikisha hapa." Akachukua kalamu nyekundu, akapigia mstari zile siku za kuumwa, kulia, kulia, katapika, kulia. Akasema, "Haya tu ndiyo niliyoyataka. Ungeniletea ile tarehe kumi na moja, ningempigia simu daktari mwenyewe." Akanirudishia.

Yule mke wa kijana, mwenye tumbo linalokaza, nilimkuta kwenye foleni. Angalau huyo. Mama mkwe wake kaninunia, hanisalimii, anasema Somo siku hizi anaringa.

Jumapili, 1 Desemba

Shamba limebaki majani. Iddi jana kaniletea samaki, kamweka jikoni, kaniambia, "Mama, huyu wako." Maneno matatu. Nimeyahesabu.

Nilikuwa nataka kusema habari ya ndoto niliyoota, naona mikono yangu iko juu ya magunia ya korosho, imekatwa, na haina damu, na mimi naipita tu kama vitu vya mtu mwingine. Lakini ngoja kwanza, ndoo nimeiweka mlangoni muda mrefu, na wewe umekaa hapa unaniandikia. Nenda kamwogeshe, tutamalizia. Au malizia hilo la ndoto kwanza, maana nikiliacha...

Umesikia? Nani huyo? Mbona kama...

"Bibi! Maji yanapoa."

Kasema nani? Kaita nani? Rudia, Mama Francis, mimi sikio hili... Hapana, usinyanyuke. Kaa. Kaa hapo hapo, weka kalamu chini, kaniita mimi.